Alikwama Hapa

Mama Jerono alikileta ndani ya gunia la pareto,
akakiweka juu ya meza yangu
kama mtu aliyebeba mayai ya kuatamiwa.
"Fundi, hiki si cha shule."
Nikapiga chafya. Vumbi la maua makavu lilinipanda puani,
nikafahamu kwa nini mchwa wa Solai,
waliokula hata kizingiti cha kanisa,
hawakukigusa miaka hamsini.

Nikakifungua vibaya.
Kumbe mbele ni nyuma;
kikanicheka kwa ukurasa mtupu.
Nikakigeuza, kulia kwenda kushoto,
kama Juzuu Amma ya baba yangu Fadhlmula,
na mkono ukajua njia
kabla ya macho kujua herufi.
Herufi sizijui. Nyeusi, za pembepembe,
zimesimama safu kwa safu kama watu wanaongoja
mlango ambao haujafunguliwa.

"Kilikuwa cha mzee Faivish," akasema,
"yule wa ng'ombe wa maziwa.
Jumamosi hakuwasha hata kiberiti;
mimi nilimwashia jiko bila kuambiwa.
Naye alisema si chake.
Ni cha rebe wa mji wa baba zake,
mji wa theluji na matope, ambao jina lake
alilitamka mara moja tu, akavua miwani."

Rebe ni nini?
Akafikiri, akijikuna kiwiko.
"Mtu ambaye akimaliza kula, watu wazima
wanagombea makombo ya sahani yake."
Aa. Hata kwetu kuna tabaruku.
Bibi yangu alikuwa na kipande cha kilemba cha sheikh,
akikiloweka katika maji ya mtoto mwenye homa.

Sasa kuna barua. Mnunuzi wa ng'ambo
ametaja bei: ukiipima kwa ardhi, ekari tatu za Rongai
na ng'ombe wa kuzijaza.
Sharti ni moja.
Kisafishwe. Madoa yatoke.

Basi nimekaa nacho siku tatu hapa Bondeni.
Nimefuta vumbi kwa pamba, jani kwa jani.
Nimepika gundi ya ngano, nikatia shabu kidogo,
nimevuta uzi wa katani juu ya nta.
Mgongo umekubali. Jalada limekubali.
Tone la mshumaa nimelibandua kwa ukucha,
nikajuta,
nikalihifadhi kwenye kisanduku cha kiberiti.

Kisha nikafika katikati.
Kurasa zote pembeni ni safi, rangi ya chai ya maziwa.
Huu mmoja, kona ya chini, ni mweusi,
weusi wa mafuta ya ngozi; karatasi imelika
ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu.
Kidole gumba kimoja. Sijui usiku mangapi.

Mtu aliyegombewa makombo
alikwama hapa.
Hakuendelea. Au aliendelea, akarudi.
Kuna neno humu lililomshinda, au lililomshika,
na wafuasi mlangoni wakidhani anapaa.

Dawa ya kulitoa doa hili ninayo. Iko rafuni,
chupa ya kahawia, matone manne.
Nimeifungua. Nimeifunga.

Mama Jerono atapitia kesho akitoka kupima presha.
Nimwambie nini? Kwamba doa ndilo kitabu?
Ekari tatu si mzaha,
na mjukuu wake Kiprugut yuko nyumbani, karo haijalipwa.
Hata mimi nadaiwa ngozi za miezi miwili.

Muadhini anakohoa kabla ya kuanza.
Nimeweka kidole changu juu ya alama.
Hakilingani nayo: changu kipana, kina gundi;
chake kilikuwa chembamba, cha mtu asiyeshiba.
Nimekiacha papo hapo
nikisoma nisichojua kusoma,
chupa wazi tena kando ya taa.