Damu ya Hilja

Saa mbili asubuhi, Jumatatu ile, Tartu,
theluji imeziba nusu ya dirisha la maabara,
jibu la damu ya Hilja Roosimäe
liliingia katika faili la Endel Vaher.

Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyelewa.
Nyuzi mbili za programu ziliinamia pamoja
bomba moja liendalo kwenye hifadhidata.
Huu uliuliza sukari, ule ukauliza chuma,
na bomba, lisilojua sura wala sauti,
likampa aliyewahi kufumbua kiganja.

Siku tisa nilimwinda mdudu huyo.
Nikiamuru programu iandike kila hatua, hatoki:
kuandika kunazichelewesha nyuzi,
nazo zikichelewa hupishana kwa adabu,
kama watu wanaojua wanatazamwa.
Nikizima taa, huyo, amerudi mezani.

Priidik akaweka kikombe chake chini.
"Maelezo ya maktaba umeyasoma?"
Nimesoma, nikasema. Nilisoma mwanzo.
Akafungua ukurasa wa arobaini na moja,
mkiani, herufi ndogo kama mayai ya chawa:
muunganisho mmoja usitumiwe na nyuzi mbili kwa wakati mmoja.
Ilisema. Haikupiga kelele tu.

Kisha akamtafuta aliyeuandika mstari wetu.
Machi, miaka minane nyuma. Jina, langu.
Na pembeni neno langu la kubana matumizi:
*Mmoja unatosha kwa wote.*

Mafahali wawili hawakai zizi moja,
nami niliwafungia kumi na sita.

Tulianza na kufuli: aingie mmoja, wengine wangoje.
Foleni ikarefuka mpaka wauguzi wakapiga simu.
Basi tukaweka kikapu cha miunganisho;
kila uzi uazime wake, uulize, usubiri jibu lake,
uurudishe mtupu,
bila swali lililosalia mdomoni.

Sasa hakuna linalopotea. Nimelipima usiku kucha,
nyuzi mia mbili, maswali milioni.

Lakini Endel amekula maini siku tisa,
naye maini hayapendi tangu utotoni.
Na Hilja, aliyeambiwa mzima,
alikuwa akisimama kila baada ya vidato vitatu,
mkono ukutani, pumzi juu,
akijiita mvivu.