Fomu ya Kupandishwa Cheo

Sehemu C inasema: Eleza utafiti wako kwa ufupi.
Nimepewa mistari minne ya nukta nukta.
Feni ya dari inazunguka kwa uvivu,
na dirishani Chimwaga imevaa vumbi lake la Septemba.

Niandike nini? Kwamba nasoma vitu visivyojijua,
si maji, si jiwe:
mlenda, povu la sabuni, tope la Hombolo,
uji wa uwele uliosahaulika jikoni ukaota ngozi.
Dakta Mwegoha, mkuu wa idara wa zamani, hakunificha:
"Wenzako wanapima nyota, Foibe. Wewe unapima mboga."
Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka,
maana mboga hiyo ndiyo iliyonilipia ada.

Mama aliuanika mlenda juu ya tembe,
akautwanga, akaupimia wateja wa Majengo
kwa kopo la maziwa. Noti zangu za shule
zilinuka majani makavu.
Akipika, alitia magadi ya vidole viwili,
akainua mwiko hadi usawa wa kipaji,
akautazama uzi ukiteremka.
Ukikatika upesi, bado.
Ukining'inia, ukajivuta, ukarudi juu kama aliyeitwa:
"Leteni sahani."
Miaka kumi na mitano baadaye, katika mji wa theluji,
profesa alinionyesha mashine ya bei ya ng'ombe mia nne
inayofanya vivyo hivyo
bila njaa.

Lakini swali langu halikutoka chunguni.
Mwaka ule wa mvua isiyokatika, kule Mvumi,
saa tisa za usiku, paa letu,
lililokwisha kubeba mbuzi, watoto
na mavuno arobaini ya mtama,
liliacha kuwa paa.
Halikuvunjika. Kuvunjika kuna sauti.
Lililainika, likashuka kati ya boriti
polepole, kama mtu anayepiga magoti.
Baba alitutoa mmoja mmoja. Mbegu zilibaki ndani.
Asubuhi shangazi Yerusa alisema ni mkono wa mtu,
mwinjilisti akasema ni mapenzi ya Mungu,
nami, miaka tisa, tope hadi magotini,
nilitaka kujua ni tone gani.
Tone la ngapi ndilo lililoamua.

Hayo hayaenei mistari minne.
Wala halienei sanduku lililokaa bandarini miezi saba
likingoja karatasi ya msamaha wa kodi,
wala mashine iliyokuwa ndani yake:
ilifanya kazi siku kumi na moja,
umeme ukaondoka, ukarudi kwa hasira,
ikafa na tope la Hombolo mdomoni.
Fundi Chilewa aliifunika shuka.
Tulikaa kimya kama watu wa matanga.
Kesho yake akaja na gololi za baiskeli mfukoni
na saa ya kupimia mbio, ameiazima shule ya msingi.
Tukajaza asali ya Manyoni kwenye bomba la kioo,
tukaachia.

Makala tatu zimetoka kwenye gololi zile.
Mhakiki mmoja wa mbali aliuliza, kwa upole unaouma,
kwa nini hatukutumia kifaa cha kisasa.
Nilimjibu aya moja.
Ya kwanza niliifuta, ilikuwa na Kigogo ndani.

Mama sasa anaishi chini ya bati.
Hapendi. Anasema mvua ikinyesha
bati linapiga kelele mno,
hawezi kusikia paa likifikiri.
Hilo nimeliandika, nikalikata.

Saa moja usiku. Feni inapunguza mwendo, inasimama.
Taa za kilimani zote zimekwenda,
na Chilewa ananiita kutoka maabara:
gololi ilikuwa imeshaondoka juu.
Naiacha fomu, napapasa ukuta wa korido.
Saa ya mbio haionekani gizani,
basi tunahesabu kwa mdomo, yeye na mimi,
kumi na tisa, ishirini,
masikio yameinamia kioo,
ishirini na moja,
bado iko njiani.