Doa la Soda

Kamati ilipanga gauni likodiwe Sinza,
laki na nusu, lirudi Jumatatu kabla ya saa nne.
Mweka hazina akalipigia mstari kwa rula.
Nikasema hapana, nitalinunua,
kwa fedha zangu za kikoba, miaka miwili ya elfu kumi kumi.
Mama mkwe akaguna: nguo ya siku moja!
Na wewe, Elinihaki, ukacheka nao,
ukauliza kama nitalivaa kwenda sokoni.

Baada ya harusi sikujua nilifanye nini.
Lilining'inia mlangoni wiki tatu
kama mgeni aliyeaga asiondoke.
Usiku feni ikilipuliza, lilisogea.

Nikalipeleka Ilala, kwa dobi, Bi Siwatu.
Akaligeuza ndani nje, akalinusa kwapani bila haya,
akaanza kulisoma: huu udongo wa uwanja wa kanisa,
huu mchuzi, hii poda ya shangazi zako.
Hayo madogo, akasema, yanaonekana.
Mimi naogopa soda.
Ikimwagika hukauka, huoni kitu,
nguo nyeupe, unaikunja, unamshukuru Mungu,
kumbe sukari imelala humo.
Miaka mitano, kumi, ndipo inaamka,
ina rangi ya strungi.
Sasa niambie kweli, bibi harusi,
nani alikumwagia?

Nikasema hakuna.

Karatasi laini alizonitajia sikuzipata Kariakoo nzima.
Gazeti hapana, wino wake huhama.
Nailoni hapana, nguo hutoka jasho humo,
na Dar haihitaji kusaidiwa jasho.
Nikachukua kanga ya marehemu bibi,
iliyofuliwa hadi jina lake likabaki neno moja:
LAKINI.
Nikalilaza humo, karafuu kwenye pembe nne,
ndani ya sanduku langu la bati la shule, uvunguni.
Kila masika yakipita nililikunjua,
nikalikunja upya, mahali pengine,
maana ukikunja palepale kila mwaka
uzi hukatika palepale.
Hilo dobi hakunifundisha.
Nililijua humu ndani, mimi na wewe.

Kisha usiku ule Msimbazi ukaingia Kigogo bila hodi.
Ndala zilielea. Umeme ulikatika.
Nikambeba Nietiwe, bado amelala,
nikageuka nione wewe unabeba nini.
Televisheni ilikuwa ukutani, deni lake bado miezi minne.
Wewe umeinama, shavu ndani ya maji,
mkono wote uvunguni,
unapapasa.
Ukainuka na sanduku, ukalitwika kichwani,
ukatoka shingo wima, kama mama yako na mkungu wa ndizi,
na hukusema neno hadi barabarani.

Tulilala darasani, juu ya madawati,
na familia nyingine saba na kuku wao.
Nikalifungua kwa mwanga wa simu yako.
Maji hayakuingia, ila kanga ilikuwa na unyevu
pale kwenye LAKINI.
Na chini ya mbavu, upande wa kushoto,
doa. Strungi.
Kubwa kama kiganja cha mtoto.

Ulilitazama muda mrefu.
"Ni mimi," ukasema.
"Soda nyeupe. Wakati wa keki. Mkono ulitetemeka.
Nikaona halionekani, nikanyamaza."

Miaka tisa!
Nikataka kucheka, kuku wa watu wamelala.
Ubaridi wake niliuhisi siku ileile,
ukapenya hadi kwenye ngozi, MC akiita "keki, keki",
na mimi nikanyamaza, nikatabasamu kwa mpiga picha.

Bi Siwatu bado yupo, ana mashine sasa.
Anasema linatoka, ila si kwa siku moja.
Nimemwambia nitalileta.
Sanduku tumelianika, kutu imeanza kwenye bawaba,
na gauni liko juu ya kabati la jirani, ndani ya kanga.
Jumamosi nitalikunja tena.
Nishikie upande ule.