Risiti ya Baiskeli

Saa kumi na mbili asubuhi, Recife.
Mikate ya kwanza inatoka tanurini kwa Dona Ivonete
na foleni imeshapinda kona hadi duka la dawa.
Mimi ni wa tisa. Nakumbuka, maana nilihesabu,
na baadaye nikahesabu tena
kama mtu anayetafuta hesabu itakayomtoa.

Wanderlei alikuja na baiskeli ya kijani,
trei mbili za mayai zimefungwa nyuma kwa mpira.
Askari wawili wakashuka garini.
"Ya nani hii?"
"Yangu."
"Risiti?"
Nani hutembea na risiti ya baiskeli?
Iko nyumbani, alisema, ndani ya Biblia ya mama.

Sitasimulia yote. Mayai yalitangulia kuvunjika,
kisha kioo cha duka kikapata ufa
pale kichwa chake kilipogonga, mara mbili,
ufa mwembamba kama unywele.
Ndani, Ivonete aliendelea kuuliza: "Mingapi? Mingapi?"
Nasi tukajibu. Sita. Kumi. Minne, ile iliyoiva zaidi.
Foleni ikasogea.
Hapo ndipo panaponiamsha usiku:
kwamba ilisogea, kwa adabu,
na kwamba aliyekuwa mbele yangu, mzee Jurandir,
aliinua mguu kuruka ute wa yai
asichafue kiatu.

Pilipili usozila zakuwashiani?
Tulisema hivyo kwa macho, kwa migongo,
kwa namna tulivyoikumbatia mifuko yenye joto.
Mtu mmoja alinong'ona: "Lazima kafanya kitu."
Nadhani alikuwa mimi.

Baiskeli wakaenda nayo.
Wiki ya pili niliiona chini ya mpwa wa sajini,
kengele ileile, utepe uleule mwekundu kwenye usukani.
Nimwambie nani? Nikamwambia mume wangu.
Mume wangu akaongeza sauti ya redio.
Mpira.

Dalva, mama yake, alipita nyumba kwa nyumba
na karatasi ya kutia saini.
Kwangu aligonga mara tatu.
Nilisimama nyuma ya mlango na mwiko mkononi,
maharage yakinukia hadi barazani.
Alijua nipo.
Nilijua anajua.

Halafu, si siku nyingi, wezi wakaingia kwa Ivonete
mchana kweupe, foleni nzima ikiwepo.
Askari walifika baada ya saa tatu,
wakala mikate, hawakulipa, wakauliza nani kaona.
Hakuna aliyeona.
Na safari hii ilikuwa kweli:
jicho lililozoezwa kutazama kisogo
haligeuki kwa kuitwa tu.

Wanderlei sikio la kushoto halisikii tena.
Ukimsalimia upande ule, anapita.
Mimi humsalimia upande ule.

Jana watoto walicheza uani.
Wawili askari, mmoja kaegemezwa ukutani, mikono juu.
"Na wale wengine?" nikauliza,
wale wadogo waliojipanga mstari, kimya,
kila mmoja na pua yake kwenye kisogo cha mwenzake.
Binti yangu akanishangaa.
"Hao ni watu tu, mama."

Mwanangu mkubwa ametimiza kumi na minne.
Nimemnunulia baiskeli.
Risiti nimeivika plastiki, nimeitoboa tundu,
nimeitia uzi, nimemfunga shingoni
kama wengine wafungavyo msalaba.
Mwenzako akinyolewa, zako tia maji;
haya, nimetia,
na maji yananichuruzika machoni.

Kila asubuhi namuuliza: "Unayo?"
Anaigusa kifuani bila kunitazama,
anakanyaga pedali, anapotelea konani,
kule ambako foleni imeshajipanga
na wa tisa, sijui leo ni nani,
anahesabu sarafu zake.