Wa Nane

Miaka sita ulikuwa mshale:
Mwanga hadi stesheni kwa pumzi moja,
magurudumu yamepakwa mawese,
mbwa wamebaki nyuma wakibweka.
Medali mbili za shaba, goti moja bovu.

Sasa mtaani wanasema umelegea.
Kwenye godauni tupu la chumvi
unapiga duara, unalivuka, unapiga jingine,
mkono nyuma, kidevu juu,
na majaji watatu wa Dodoma
wanaandika: nne. Nne na nusu.

Walipoondoka nilichukua ufagio,
nikashindwa kufagia.
Chumvi iliyosalia sakafuni
ilikuwa imekushika mstari kwa mstari:
nane, juu ya nane, juu ya nane,
hakuna iliyotetereka.

Kwetu mtoto wa nane huitwa Minani.
Mama alishakuandika.
Mbio zilikuchelewesha tu.