Faini ya Bibi

Barua ya idara ya misitu imemfikia Arvella
kando ya Mto Klamath, Oktoba, majani makavu kau.
Wanamwomba, kwa heshima na taadhima,
aje awafundishe kuchoma.

Anaisoma mara mbili. Anacheka kwa pua.

Bibi yake alipokiwasha kichaka kile kile,
moto wa kimo cha goti, wa kutembea, si wa kukimbia,
walimtoza dola arobaini, wakaandika: mteketezaji.
Alilipa kwa vikapu vitatu.
Tangu hapo fito zikaota kombo, hazisukiki,
fukuzi wakatoboa mbegu za mwaloni,
msitu ukasongamana kama nywele zisizochanwa,
hata kiangazi kile moto ulipokuja wenyewe
bila kubisha hodi
ukala nyumba kumi na moja na kanisa.

Asubuhi anakwenda. Vijana wana kofia ngumu, redio, kipima upepo.
Yeye ana kiberiti, na kiganja
anachokipenyeza chini ya majani: bado, umande.
Wanangoja. Saa nne. Saa tano.
"Haya. Sasa yananong'ona."
Moto unashuka mteremko ukilamba, hauumi.

Mwakani fito zitachipuka
nyoofu kama mvua isiyo na upepo,
nazo ndizo susu ya mtoto ambaye hajapewa jina.

Jioni mkuu wao anauliza wamlipe nini.
Anafungua mkoba, anatoa stakabadhi
ya manjano kama jino.
"Dola arobaini," asema. "Za bibi.
Ya riba tutazungumza."