Lakiri

Ghorofa ya sita haimo kwenye ramani.
Ramani ninayo mkononi, imekunjwa mara nne,
inaishia ya tano, na paa lake la vigae.
Lakini ya sita ipo, nimesimama juu yake,
upepo wa Izmir unanipiga skafu usoni
na Bwana Rıfkı, mkandarasi, ananiambia:
"Ni stoo tu, Bi Müzeyyen. Ya matangi."
Stoo yenye madirisha manane
na ndoana ya kuning'inizia taa ya sebuleni.

Natoa nyundo ndogo, nagonga nguzo ya pembeni.
Zege zuri hulia kama kengele.
Hili linakohoa.
Kipande kinaniangukia kiganjani, nakivunja kwa vidole
kama amegaye mkate wa juzi,
na humo ndani, zima, jeupe,
dogo kuliko ukucha wa mtoto:
kombe.
Mchanga wa bahari. Hata chumvi hawakuuosha.
Nondo zimekwisha anza kutafunwa.

Ufa huzibwa.
Huu haukuletwa na miaka;
ulikorogwa pamoja na maji.

Chai inaletwa kwa gilasi yenye kiuno. Siinywi.
"Mpwa wangu yuko wizarani," anasema,
anakoroga sukari, hainui macho.
Nami najaza fomu: tarehe, kiwanja, kifungu cha sheria,
ujenzi usimame tangu saa hii,
na saini yangu, ambayo kwa miaka ishirini na sita
imepungua hadi kubaki mkwaruzo.
Nawasha kiberiti. Lakiri nyekundu yadondokea kamba ya lango,
nagandamiza muhuri wa manispaa, nahesabu hadi kumi.
Serikali yote ndiyo hiyo:
nta inayopoa, na mwanamke mwenye goti bovu.

Vibarua wameketi juu ya mifuko ya saruji.
Mmoja, Cuma, kwao Idlib,
vumbi limemganda kwenye kope,
ananiuliza kwa Kituruki cha kuokoteza:
"Na ya leo?"
Ya leo. Ujira wa leo.
Nageuza fomu, natazama nyuma yake.
Hakuna mstari wa hilo.

Nje nakutana na aliyenunua fleti namba tisa
kwa kuonyeshwa mchoro. Mapazia ameshashona.
Ananitukana, na haki anayo kidogo,
kwamba mimi ndiye niliyemvunjia nyumba.
Nimwambie nini? Jengo lisiloanguka
halina mashahidi. Hakuna atakayeamka usiku
ardhi ikitikisika, asife,
kisha akanitaja.
Nampa lile kombe. Analitazama
kama risiti ya duka asilowahi kuingia.

Jumamosi, saa nane za usiku, simu.
Jirani wa mkabala, kwa mnong'ono:
"Wamewasha winchi."

Navaa koti juu ya nguo za kulala.
Lakiri imekatwa kwa kisu, safi, kama jibini.
Napanda. Goti linahesabu ngazi kwa sauti.
Huko juu, taa moja, zege bichi likimiminwa,
na kwenye winchi, Cuma.
Tunatazamana.
Ya leo ameipata.

Anaizima mwenyewe, kabla sijasema neno,
akainamisha kichwa kama mtu aliyeangusha sahani ugenini.
Natafuta mfukoni kiberiti.
Njiti ya kwanza inazimwa na upepo.